Chupa ya Watoto Kumi

4 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umetulia, na shemeji na wapwa zangu hawajambo. Mimi ni mzima kupita kiasi.

Hii ni wiki yangu ya tatu katika ofisi ya takwimu za afya, na tayari nimekabidhiwa mlipuko! Watoto kumi na wanne wameugua surua, wote katika mtaa wa juu unaohudumiwa na kliniki yako. Nimechora ramani, na kila kisa nimekichomekea pini nyekundu. Najua si vyema kufurahia ramani ya namna hii. Lakini dada, ugonjwa una mpangilio wake, nami nimeanza kuusoma.

Sikiliza hoja yangu. Wote wana kadi, na sindano za miezi ya mwanzo walizipata. Ile ya surua, ya umri wa miezi tisa, hakuipata hata mmoja. Basi kliniki wanaijua na njia wanaijua. Kilichowaishia ni bidii. Akina mama wamechoka, au wamelishwa uvumi. Nitapendekeza gari la matangazo. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza kumi na wawili wasio na kinga, hata zaidi. Hatuna muda wa kubembelezana. Ripoti inafika mezani kwa mkuu wangu tarehe tano Juni. Nithibitishie tu.

Mdogo wako

9 Mei

Profesa wetu,

Marahaba. Mgongo wangu usiutaje, unasikia ukitajwa. Sisi wengine wazima.

Hongera kwa pini. Lakini hilo gari litamtangazia nani? Umemuuliza mama hata mmoja, au umeziuliza karatasi? Wanawake hao hushuka kilima kile saa nzima, mtoto mgongoni. Hawajachoka. Tafuta sababu nyingine.

Shemeji yako anasema ukija tukuwekee jukwaa sebuleni, maana kiti hakikutoshi tena.

Dada yako

30 Mei

Mdogo wangu,

Habari za huko? Huku afya zipo, ila moyo hauna raha. Barua zako mbili nimezipata, na ya pili imeniita mbishi asiye na ushahidi. Nilikaa kimya kwa sababu ushahidi ninao, mfukoni mwa koti langu la kazi.

Chanjo ya surua hutujia ikiwa unga, dozi kumi katika chupa moja. Ukishaichanganya na maji yake, zikipita saa sita unaimwaga, hata kama umechoma mtoto mmoja tu. Na kwa kila dozi inayomwagwa, ofisi hudai maelezo. Mwaka juzi niliandika maelezo mpaka nikaitwa mharibifu mbele ya wenzangu. Tangu siku hiyo, wakija watoto wawili au watatu, sifungui. Nawaambia, "Rudini wiki ijayo, tukitimia." Wiki ijayo wanakuja watatu wengine. "Rudini." Mama mmoja aliniambia, "Nesi, nimeacha kibarua mara tatu kwa ajili ya chupa yako." Nikacheka. Mdogo wangu, nilicheka.

Majina yao nimekuwa nikiyaandika kwa penseli ili nisiwasahau. Daftari hili hapa. Lilinganishe na ramani yako, kisha fanya unaloona ni haki. Usinifiche kwa kuwa mimi ni dada yako.

Dada yako

3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, maana utazihitaji leo hii.

Kati ya wagonjwa kumi na wanne, kumi na mmoja wamo daftarini mwako! Niligonga meza kwa kishindo, mkuu akaja mbio akidhani nimeanguka. Hoja yangu imekufa, na imekufa kwa haki: mama aliyeleta mtoto kwa sindano zote za mwanzo hakuwa mvivu, nami nilikuwa na kadi kumi na nne zikiniambia hivyo. Sikuzisikia kwa sababu nilikuwa nikizungumza.

Kuhusu wewe, nimekutaja kwa cheo chako, kisha nikamwambia mkuu kwamba ni dada yangu wa tumbo moja. Na kanuni yenyewe nimeishambulia kwa kurasa mbili: tumehesabu dozi zilizomwagwa, hatujawahi kuhesabu watoto waliorudishwa. Mkuu akaniuliza, "Kijana, unaandika ripoti au unatetea kesi?" Nikamjibu, "Vyote viwili, mkuu." Akachukua kalamu, akatia sahihi.

Lakini kubwa ni hili. Daftari lina majina arobaini na matatu. Toa kumi na mmoja. Thelathini na wawili hawajaugua! Jana kimeripotiwa kisa kipya, nyumba mbili tu kutoka kwa mmoja wao. Daftari lako lilikuwa la kukuumbua. Sasa ni orodha ya kazi. Usiwangoje waje. Beba sanduku la barafu upande kilima!

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na miguu yangu inakusalimu kwa matusi.

Bahasha moja ya ofisi imeniletea karatasi mbili: onyo langu, na waraka unaoamuru chupa ifunguliwe kwa mtoto yeyote atakayefika. Onyo nimeliweka kabatini. Waraka nimeubandika mlangoni.

Thelathini nimewachoma kwa mkono huu! Nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nimeanza na "Nisamehe." Wengi walinikaribisha. Mama mmoja alinisema kupitia dirisha mpaka akamaliza, ndipo akamtoa mtoto: "Choma, uende zako." Nikachoma, nikaenda zangu. Mtoto mmoja nilimkuta tayari ana vipele. Yuko wodini, na jana amenyonya vizuri.

Amebaki mmoja. Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini kwao; mama yake yuko naye kazini, jirani amekwenda kumwita. Barafu inayeyuka. Nina chupa moja, haijafunguliwa, na mtaa mzima hauna mtoto mwingine wa kumchoma. Dozi tisa zitamwagwa. Fomu nimekwisha kuijaza, na penye maelezo nimeandika: "Mtoto alikuwa mmoja."

Kuna mwanamke anakata kona, mtoto mgongoni, anakimbia. Ni yeye!

Dada yako