Niliruka Mara Arobaini na Nane

Mzee Chiwanga,

Shikamoo. Miezi minane sijasikia marahaba yako, lakini leo sikuandikii kukulilia. Nina hasira na wewe.

Ulituongoza mafundi wa Kizota miaka kumi na tisa bila orodha ya wanachama. Mkutano ukianza uliita majina yote kwa kichwa, na kila aliyeitwa aligonga chuma mara moja. Nilipokuomba uyaandike, ulinicheka mbele za watu: "Rehema binti yangu, karatasi huliwa na mchwa. Kichwa changu hawakifikii." Sasa unasemaje?

Ulipozikwa, orodha ilizikwa nawe. Wakanichagua mwenyekiti, mimi niliyeingia pale nikiwabebea maji, nikajifunza kuchomelea kwa kuchungulia. Wiki ya kwanza nikauliza: tuko wangapi? Kila mtu na idadi yake. Nilichokuwa nacho ni lile kopo lako la rangi la kupigia kura, nati ndiyo, bolti hapana. Kura ya mwisho uliyoisimamia nilihesabu mwenyewe vipande 188. Toa chako, 187.

Nikaleta mfumo wa simu. Ndiyo, mimi. Unaandikisha namba yako, kura inakuja kwenye simu, unabonyeza moja au mbili, basi, hupotezi nusu siku ya kazi. Vijana walishangilia. Wazee walinuna, wakaniita "Mwenyekiti wa vitufe", ila walijiandikisha hivyo hivyo.

Sasa sikiliza kosa. Pale kwetu simu ya fundi si lazima iwe yake. Unamkumbuka Mama Zawadi, muuza uji? Mafundi tisa waliandika namba yake, kwa sababu ndiyo wanayopiga wateja wao. Wengine waliandika za wake zao, wengine za ndugu wanaofanya nao kazi banda moja. Mfumo ulimpokea wa kwanza, kwa waliofuata ukaniambia mimi niliyekuwa nikiingiza majina: namba hii ipo tayari. Chini yake kuna kitufe: Ruka. Nilidhani watu wamejiandikisha mara mbili. Nikaruka. Mzee, niliruka mara arobaini na nane. Mimi, ambaye hesabu hainipigi chenga! Simu 139, kopo 187, na sikukaa chini nikatoa.

Kura ikaja: tuhamie eneo tulilopewa Msalato, au tubaki Kizota? Kuhama 76, kubaki 63. Nikatangaza. Sikufichi, na mimi nilitaka tuhame. Nimechoka kukata mageti nusu yake ikiwa barabarani.

Ndipo Fundi Elia, mwenzako wa mageti, akaja akasimama mlangoni kwangu. Kura haikumfikia. Hata salamu hakutoa. "Mwenyekiti, mimi nimekufa lini? Maana Chiwanga tulimzika wote. Msiba wangu siukumbuki."

Nikazunguka mabanda yote, nikawauliza hao arobaini na nane mmoja mmoja. Arobaini na mmoja wangebaki. Hesabu yake ninayo: kubaki 104, kuhama 83. Vijana wananiambia ninyamaze, Jumatatu tusaini mkataba wa kuhama, mfumo umeshasema. Wazee wananiita mwizi wa kura. Na wewe umelala. Ungeniachia karatasi moja tu, Mzee. Moja! Kiburi chako kilinifanya nione kila ulichofanya ni uzembe, hata kopo lako, nami nikapandisha kiburi changu juu yake.

Jumamosi tunarudia. Nati na bolti, kopo lile lile. Nitashindwa kwa kura 21, na nitatangaza kwa sauti ile ile. Wakitaka kuning'oa baada ya hapo, wana haki. Lakini kabla ya kura nitafungua daftari jipya, niite majina, kila mtu agonge, nami niandike: jina, banda, simu ni ya nani.

Nitaanza na lako. Najua patakuwa kimya. Nitachukua nyundo nikugongee mara moja, kisha nitalipiga mstari jina lako, kwa sababu daftari ni la walio hai. Hilo nakuahidi. Sitahesabu vibaya tena, si kwa hasira wala kwa mapenzi.

Lala, Mzee, kama mchwa wanakuacha.

Binti yako wa vitufe,
Rehema