Mama Anapungia Kila Eropleni

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimefika Mwamanyili. Likizo ya kulazimishwa! Daktari wa Mwanza, yule anayetupima marubani, hakupenda alichokiona machoni mwangu. Ukungu, kasema, jicho la kulia zaidi. Atanipigia Ijumaa. Akininyima cheti cha afya, ndiyo basi, sirushi ndege tena. Mama sijamwambia. Nimesema nimekuja kusaidia pamba. Akanitazama weee, kisha: wabeja, ng'wanone — asante, mwanangu — magunia yapo.

Jumanne, 17 Juni

Tumeshinda barazani tunachambua. Nyeupe kikapu hiki, fifi kile — fifi ndiyo ile yenye madoa ya njano. Mnunuzi akiikuta kwenye nyeupe anakurudishia gunia zima.

Asubuhi ikapita ndege ya watalii, inaelekea Serengeti. Mama huyo, na umri wake ule, kasimama, kanga juu, anaipungia mpaka ikapotea. Nikacheka. Mama, mimi si nipo hapa? Akasema anajua nipo. Kwani yule aliye juu hana mama yake?

Kumbe anazipungia zote! Na mimi miaka yote nikipita hapa natikisa mabawa, najiona wa pekee.

Jumatano, 18 Juni

Nimekumbuka eropleni ya kwanza. Nilikuwa darasa la tatu. Kwelea kwelea walikuwa wanamaliza mpunga, tukatangaziwa tujifungie ndani, ndege inakuja kupuliza dawa. Wote wakaingia. Mimi nikatokea dirishani, nikaifukuza matopeni hadi nikakosa pumzi. Mama alinichapa na mwiko. Akaniogesha, akarudia kuniogesha. Halafu, bado amenuna, akauliza: enhe, ilikuwaje? Nikasimulia mpaka ugali ukapoa.

Nadhani urubani wangu ulianzia kwenye swali lile. Mzazi mwingine angeishia kwenye mwiko. Miaka ishirini na mbili angani! Nimeona mvua ikitembea juu ya Ziwa. Nimeona nyumbu wakivuka mto, mimi niko juu yao, na mwisho wa mwezi nalipwa. Mungu ananipenda tu, sina maelezo mengine.

Alhamisi, 19 Juni

Leo pagumu. Nimetoka bombani na ndoo, nikamkuta Mama ameinamia kikapu changu cha nyeupe. Anatoa fifi. Haraka haraka, kama mwizi. Nikamuuliza tangu lini. Tangu Jumanne, kasema, bila kuniangalia.

Fifi nyingi! Na mimi niliapa sijaona hata moja.

Nikamwaga yote — macho, daktari, Ijumaa. Hakulia. Kasema alijua tangu siku ya kwanza, nilipomimina chai nje ya kikombe. Akavuta kigoda karibu: basi tumia vidole, ng'wanone, fifi inashikana, nyeupe inaachia. Nikajaribu. Kweli bwana! Nyingi nimepatia.

Nimelia kidogo, siyo siri. Nimewaza abiria niliowabeba mwezi uliopita. Ahsante Mungu daktari ameona kabla sijaua mtoto wa mtu. Jioni tumekula matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na karanga, Mama akanitania eti macho mabovu lakini mkono kwenye sahani haupotei.

Ijumaa, 20 Juni

Simu nimeiweka juu ya gunia. Mama anachambua. Naandika ili nisiitazame. Jua kali. Nimesali, ila sikuomba kitu — nimeshukuru tu, mpaka nikaishiwa maneno.

Inaita! Ni daktari.

Na mngurumo, upande wa Ziwa. Mama kashasimama na kanga yake. Nyanjige, njoo, ananiita, ni ipi hiyo? Nimetazama juu. Weupe mtupu. Sioni kitu.

Nimefumba macho. Injini moja, Mama. Karavani, ile ndogo ya abiria. Imejaa, na bado inapanda.

Kasema ehee, hiyo hiyo, sasa pokea simu.

Simu bado inaita. Kalamu mkono huu, mwingine nimeshauinua kupunga. Nimemwambia Mama ngoja kwanza huyu apite —