Krimu ya Maharusi

Marereni

Dada Dama,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Kibarani, wewe na mama na mdogo wetu Karisa, na kwamba meza yako ya sokoni haikosi wateja. Ukitaka kujua hali yangu, roho ipo. Mguu wa kulia haupo, umekatwa chini ya goti. Niliwakataza watu wasikuletee habari, nilitaka uipate kwangu.

Desturi ya hapa niliwahi kukueleza. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye vidimbwi vya chumvi, tunakaa mstari mmoja, nyayo juu, na nyapara anapita akizitazama. Mwenye uvimbe anarudishwa kambini bila kibarua. Akirudishwa mara tatu, kazi hana. Buti tunaahidiwa tangu nilipofika.

Chumvi iliponikata chini ya kidole gumba cha mguu, unyayo ukavimba, nikakuandikia, nawe ukanitumia ile krimu ya tyubu unayowauzia maharusi wang'ae. Nilipaka jioni moja tu, asubuhi mguu umenywea, wekundu hakuna, maumivu hakuna. Nyapara akaniinua mguu mbele ya watu.

"Mwauona huu? Huyu ndiye mwanamume! Nyie wengine mwadeka tu."

Nikavimba kichwa. Kila siku napaka, kila siku naingia majini, na wiki tatu nyayo zangu zikasifiwa. Kisha homa ikaniangusha, nikaletwa hapa hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia ngozi ni chembe hai, ndogo mno, na zikijeruhiwa hutoa kemikali za kuita msaada. Mishipa hupanuka, damu huja na chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, ndiyo maana tunavimba na kuwaka moto. Vita vikiisha, mwili wenyewe hutoa kemikali nyingine za kutuliza.

"Krimu yako imezima mwito kabla vita havijaanza," akasema. "Vijidudu vimekula kimyakimya mpaka mfupani. Ule uvimbe ndio uliokuwa ukikutetea, bwana."

Nilicheka, dada. Akadhani nimechanganyikiwa.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu, lakini huo ungekuwa uongo. Nakulaumu, na najilaumu mimi zaidi, maana nilikuomba tyubu ya pili na ya tatu, na wenzangu wawili nikawapaka kwa mkono wangu. Mmoja yuko kitanda cha pili hapa, hataki kunitazama.

Sasa dereva wa lori ameniambia nyapara amempa Karisa nafasi yangu bila kuwaeleza yaliyonipata, mama amekubali, na wewe umemfungia tyubu sita. Sita! Mzuie asije. Akikushinda, pekua mkoba wake, zitoe zote uzitupe chooni. Na akivimba avimbe, arudishwe nyumbani na miguu yake miwili.

Msalimie mama, umwambie kwa upole, si kama nilivyokwambia wewe. Msalimie na shangazi anayekukalia meza, naye aache kuiuza krimu hiyo.

Jana nyapara alikuja kunijulia hali. Alisema buti zimefika hatimaye, akaniuliza navaa saizi gani. Nikamwambia nane. Akaniletea jozi nzima, mpya, akanitilia sahihi ya kuzipokea. Ziko chini ya kitanda. Nane si saizi yangu, ni ya Karisa.

Ndimi ndugu yako,
Kahindi