Pua ya Babu na Mafuta ya Gome la Mdalasini

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaondoka duniani, maana daktari hanifichi tena, na mimi nimebaki na siri moja: pua yangu haisikii harufu yoyote, na hakuna anayejua.

Nilikuwa mkemia wa kiwanda cha manukato, mke wangu ametangulia, wanangu wako mbali, na mlango wangu hubishwa na mtu mmoja tu, mama mtengeneza sabuni wa mtaa wa nyuma, anayeniletea mafuta ya mdalasini nimwambie kama yametoka kwenye gome au kwenye majani, kwa sababu yale ya gome ni makali, yanababua ngozi, hayo huyatia kwenye sabuni ya kusugulia sakafu ili inukie, na ya majani ni mapole kidogo, yana harufu ya karafuu, huyadondoshea kwa uchache kwenye mafuta ya kukanda miguu. Huketi, hunichemshia chai, hunitania: “Babu, kwa pua hiyo ungekuwa polisi, wezi wangehama mji.” Nacheka naye, na akigeukia jiko nadondosha tone mkononi, likiunguza upesi nasema gome, likiwasha kidogo nasema majani, kisha nashusha mkono wa shati kufunika vidonda.

Juzi tone halikuuma. Nikasema majani, akaenda kuchanganya mafuta ya wateja wake. Baadaye chai ya moto ikanimwagikia palepale, nayo sikuisikia. Ngozi yangu imekufa ganzi, mshauri. Sijui kilichomo kwenye chupa ile, na nimenyamaza kwa sababu nikisema, hatakuwa na la kumleta kwangu tena.

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Jibu hili nimekutumia kwa simu kwanza, gazeti litafuata.

Upweke si jambo la kuchekwa. Lakini msomi mzima unajua mafuta ya gome yatawafanya nini wateja wale. Unaogopa kumkosa mgeni, huku unamharibia mkate wake? Mpigie sasa hivi. Asiuze hata kichupa kimoja, walionunua warudishe, na mafuta yapelekwe maabara. Tusisikie tena habari ya pua wala mkono. Vidonda umwoneshe muuguzi.

Kisha mwombe aje hata kama hana chupa. Hilo hujawahi kumwomba.