Glovu Mbili za Kushoto

Shemeji Armas,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia: mimi Tyyne, fundi wa kujisifu, nimemfumia kaka yako glovu za sufu zenye nakshi ya ukoo wenu, na zote mbili ni za mkono wa kushoto. Urho alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mkono wangu wa kulia umeutaliki, mke wangu!" Akazivaa hivyohivyo, akaenda kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda. Nilimwambia barafu ya Aprili haiaminiki.

Ukweli ni huu, shemeji: barafu ilivunjika jana. Tumeokota glovu moja kando ya maji meusi, Urho hajaonekana. Mama yenu ananihimiza nifume ya kulia, asije akarudi akaikosa. Ninafuma. Njoo upesi.

Shemeji yako,
Tyyne