Kikuba cha Maua ya Jabalini

Mama yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na Mungu akupe raha huko. Mimi mzima, ila nimechoka, Mama, ule uchovu wa kuamka nao. Mdogo anaota meno, usingizi wetu wa kuibaiba. Mwandiko usiuangalie, unajua skuli niliiacha mapema.

Alkhamisi Salim alitupeleka Riyam, mimi na wanawe, kwenye ile njia ya juu ya majabali, bahari iko chini yako. Tangu ututoke nilikuwa sijaikanyaga. Joto limeanza kuvunjika, asubuhi unatoka bila ya kuungua uso. Vile vimaua vya zambarau vimetokeza kwenye nyufa za mawe, na yale meupe yenye nyuzi ndefu, ya kwenye vichaka vya miba. Unayakumbuka? Ulisema asmini ikikosekana hayo yatafaa, ukakaa juu ya jiwe ukitunga kikuba kama uko barazani kwenu Unguja. Miba ikakuchana vidole. Nilipokubandikia kifuani ukakinusa, ukasema, "Kinanuka mbuzi. Lakini kikuba ni kikuba, mwanangu, usikitoe." Ukarudi nacho mpaka nyumbani Darsait, una maringo kama bi harusi.

Na wale ndege, keremkerem, wanapita, kijani kitupu, wanakwenda zao Afrika. Wewe ulikuwa ukiwapungia mtandio wakusalimie watu wa Unguja, na wasipogeuka unawasema: "Hawana adabu hawa, sijui wamelelewa wapi."

Sasa sikia linaloniuma. Zuwena, mkubwa wangu, katimiza miaka miwili na nusu na hasemi. Anaonesha kidole, analia, basi. Daktari kamtazama masikio, mazima. Mama mkwe hana ubaya na mimi, lakini kwao ni milimani, Kiswahili hakijui, na anaona lugha mbili zinagombana kichwani mwa mtoto. "Mwachie Kiarabu tu, binti yangu, atafunguka." Salim akawa upande wa mama yake.

Basi nikajaribu. Namlisha kwa Kiarabu, namuogesha kwa Kiarabu. Changu ni cha skuli na cha dukani, hakina maneno ya kumbembelezea mtoto. Nikawa nasema machache. Nikianza kumwimbia, nakatiza. Nyumba ikapoa, na yeye akazidi kuwa kimya. Kiswahili chote nilichonacho nimekipata kwako, Mama. Nikikiacha, nitakukumbuka na nani?

Sasa Alkhamisi, pale juu, Salim alikuwa kambeba mdogo, mimi nimekaa na Zuwena. Hudihudi akatua njiani, akawa anatembea mbele yetu, kishungi kakisimamisha. Nikasahau niliyoambiwa. Maneno yakanitoka yenyewe: mtazame, mwanangu, mtazame anavyojiona, kamvalia nani hicho kilemba, haya muulize. Nikasema mpaka koo likakauka. Ndege akaruka, akashukia upande wa bahari. Zuwena akanyoosha mkono, akasema, "Huyo."

Salim anasema pengine ilikuwa pumzi tu. Hajasema tena tangu siku ile, na mimi simbani aseme. Lakini nilikuwa nimempakata, Mama. Nimesikia.

Jana nikamwambia mama mkwe, kwa adabu, Kiarabu mtoto atakipata kwake na kwa baba yake, mimi nitasema naye cha kwetu. Akanitazama. Kisha akanimiminia kahawa, akasema, "Mungu akusaidie." Sijui amekubali au amechoka na mimi. Kahawa nimeinywa.

Nikuache upumzike, mdogo ameamka. Nakuahidi nitasema naye kila siku, hata siku nitakayoishiwa nguvu, hata asiponijibu.

Mwanao akupendaye,
Rahma