Kahawa Niliyokataa Kuinywa Sib

Jumapili, mwanzo wa Mei. Saa mbili asubuhi usukani wa gari ulikuwa umeshaanza kuchoma mikono. Lakini leo jua la Maskati lipige litakavyo, mimi sina habari nalo.

Nimepata!

Karatasi ninayo hapa mezani. Baba yake Nuha, mwanangu, ameridhia nimchukue Ireland, ametia saini, na asubuhi hii tumekwenda pamoja ofisi ya serikali huko Al Khuwair ikapigwa muhuri. Tangu nirudi nimeshaitazama mara sijui ngapi. Wallahi ningekuwa na fremu ningeitundika ukutani.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni mkunga, nna miaka thelathini na nne, nimeachika mwaka wa nne huu, na nna binti mmoja wa miaka tisa. Nimezaliwa hapa hapa Maskati, wazee wangu wametoka Unguja. Tangu mwezi wa pili nna barua mbili za kazi. Moja ya hospitali kubwa Dublin. Nyengine ya hospitali ya Waterford, mji mdogo kusini mashariki, ambao nusu ya ukoo wangu wanaamini nimeubuni mwenyewe.

Kila mtu alitaka Dublin. Binamu yangu Asya yuko huko mwaka wa saba, ana nyumba, anajua wapi panauzwa unga wa mihogo na nani anapika biriani la harusi. Alinipigia simu kunisuta. Waterford utazungumza Kiswahili na nani, na ukuta? Huko mvua ikianza haimalizi. Mtu mzima unakwenda kujizika mji ambao ukipiga chafya sokoni, kila mtu anajua.

Nikacheka, lakini yaliniingia. Wiki mbili nzima nilikuwa nikiamka na Dublin, nikilala na Waterford. Nikatazama picha za mji ule mpaka nikaujua ule mto wake na ile barabara ya pembeni yake kama nimeshawahi kuegesha gari pale. Siku nyengine nauona mzuri. Siku nyengine nauona wa kijivu mtupu, na najiuliza nina wazimu gani.

Kilichonifanya nikate shauri ni zamu. Dublin niliwauliza kuhusu zamu za usiku, kwa sababu nna mtoto na sina mtu wa kumwachia. Wakanijibu kwa barua fupi kwamba zamu hupangwa kwa mujibu wa mahitaji ya wodi. Basi. Waterford alinipigia mkunga mkuu mwenyewe. Mwanamke wa makamo, anazungumza haraka haraka, nusu ya maneno nikiyakamata na nusu yakinipita. Akaniuliza mtoto anaitwa nani. Akaniambia wana nafasi kliniki ya wajawazito, kazi ya mchana tu, na kwamba kutoka hospitali mpaka shule ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Dakika kumi kwa miguu! Mimi ninayekaa foleni ya magari saa nzima kumpeleka Nuha shule, halafu saa nyengine kwenda kazini.

Kwa hiyo moyo ulishachagua. Kilichobaki ni Hilal.

Hilal ndiye baba yake Nuha. Bila ya ruhusa yake iliyoandikwa, mtoto hatoki nchini, na bila ya Nuha mimi siendi popote, hata wanipe hospitali nzima. Barua ya Waterford inataka jibu kabla ya Jumatatu, na Jumatatu ndiyo kesho.

Sasa kwetu mambo kama haya mwanamke haendi kuyasema mwenyewe kwa mtu aliyemwacha. Hupelekwa mzee. Baba yangu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo akaenda Mjomba Khalfan, ndugu yake mama, mtu wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi na kilemba kimefungwa barabara. Akakaa saa mbili. Akarudi na boksi la halua na habari zote za gari jipya la Hilal.

"Mjomba, kasemaje?"

"Hakuniuliza."

"Hakukuuliza nini?"

"Habari. Kaniuliza mara moja tu, nikamwambia kheri. Hakurejea tena. Sasa mimi nianzie wapi?"

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Asiyeijua Oman hataelewa. Mgeni akishakula tende na kunywa kahawa, mwenyeji humuuliza habari. Mgeni mwenye adabu hujibu hakuna habari, kheri tu. Mwenyeji hurejea, mara ya pili, ya tatu, na hapo ndipo mgeni hulitoa lililomleta. Mwenyeji asiporejea kuuliza, mgeni mstaarabu ananyanyuka na haja yake mfukoni.

Wiki ya pili Mjomba akaenda tena. Akarudi na boksi jengine la halua.

Hapo nikafahamu. Hilal si mjinga. Alijua vizuri Mjomba kafuata nini, na alijua mzee yule atakufa kabla hajavunja adabu. Ananiua kwa ukarimu! Siku zinapita, mwezi mzima sasa, na jokofu letu linajaa halua.

Nikapandwa na hasira. Na mimi nikikasirika, mama yangu husema, heri watu wafunge milango.

Kila Ijumaa Nuha hushinda huko Sib kwa bibi yake, mama yake Hilal. Huwa namshusha getini, naondoka. Ijumaa hii nilizima gari, nikateremka. Hilal alikuwa ukumbini na mama yake, ndio kwanza katoka msikitini. Akashtuka, lakini akanikaribisha vizuri, maana hilo la ukarimu haliwezi kumshinda. Nuha akakimbilia ndani kwa binamu zake. Mama yake Hilal akaleta tende, akanimiminia kahawa. Nikapokea finjani kwa mkono wa kulia, nikashukuru.

Nikaiweka chini kwenye mkeka. Sikuinywa.

Hii sikuizua mimi. Baba yake Hilal, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Nizwa, na nilipokuwa mke wa nyumba ile alinihadithia mara nyingi: zamani mtu mwenye haja kubwa huiweka kahawa chini, wala haigusi mpaka mwenyeji aseme haja yake imekubaliwa. Mgeni akiondoka na kahawa iko pale pale, ni aibu kwa nyumba nzima. Wanaume wazima walikuwa wakipatanishwa hivyo. Mwanamke wa Kizanzibari kufanya vile kwa mtalaka wake, sijapata kusikia.

Hilal akaitazama finjani. Akanitazama mimi. Mama yake akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Kunywa, Mama Nuha," Hilal akasema.

"Nna haja."

"Khaa! Yamefika huku?"

"Wewe ndiye uliyeyafikisha. Mjomba wangu ana sukari, na unamshindilia halua."

Hapo mama mtu akashindwa, akacheka mpaka machozi. Hilal mwenyewe akatabasamu kidogo, halafu uso ukamrudi. Akauliza maswali, na nasema kweli, yalikuwa maswali ya haki. Kwa nini si Dublin, kwenye watu? Nikamweleza zamu za mchana, dakika kumi, na kwamba Dublin mtoto angelelewa na wageni mimi nikiwa wodini. Kurani yake? Mwalimu wake amekubali kuendelea naye kwa simu, na msikiti nimeuliza, upo. Kiarabu chake? Hicho ni juu yako wewe, nikamwambia, kila siku ukimpigia simu.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Na Ijumaa zangu je?"

Nilikuja na hasira yangu yote, na mtu ananiuliza Ijumaa zake. Nikamwambia kila likizo ya shule Nuha yuko kwako, na kiangazi chote ni chako, lakini Ijumaa sina cha kukurejeshea. Nisikudanganye.

Akauliza kama nimemuuliza mtoto mwenyewe.

"Nimemuuliza. Anataka. Lakini kasema hataki baba akasirike."

Akageuza uso kwenye dirisha. Mama yake hakucheka tena. Nikaona vidole vyake vinazungusha tasbihi bila ya kusoma chochote.

"Kunywa kahawa yako," Hilal akasema. "Inapoa."

"Imeshapoa."

"Basi kunywa hivyo hivyo. Haja yako imekubaliwa."

Nikainywa. Baridi, chungu, iliki imezama chini yote. Sijapata kunywa kahawa tamu kama ile. Mama yake akapiga kigelegele kimoja, majirani lazima walidhani tumerudiana, halafu akanikumbatia akalia, na mimi nikalia, na Hilal akatoka kwenda kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mfukoni mwa kanzu yake.

Mjomba nimemhadithia jana. Akanambia nimemwaibisha. Baada ya dakika mbili akaniomba nihadithie tena pale pa finjani.

Sasa nikiri jambo, maana hapa ndipo mahali pangu pa kukiri. Mwezi wote huu, ndani kabisa, kuna kipande changu kilichokuwa kikiomba Hilal akatae. Angekataa, ningebaki hapa karibu na mama yangu, kazi ile ile, foleni ile ile, na maisha yangu yote ningesema: ningekwenda, ila alinizuia. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu mpaka uzeeni. Nilimtuma Mjomba mara mbili hali nikijua adabu zake. Tujiulize kwa nini.

Basi leo huyo wa kumlaumu hayupo. Nikibaki, nimebaki mwenyewe. Nikenda, nimekwenda mwenyewe. Mvua ikininyeshea Waterford, nimeitaka mimi.

Na ninaitaka.

Adhana ya alasiri inaadhiniwa. Kabla sijanyanyuka kutia udhu nimefungua barua pepe ya yule mkunga mkuu wa Waterford. Nimeandika: nakuja. Nimeifuta, nimeandika tena, nimeipeleka.

Tunakuja. Tuko wawili.